Mikesha Wawili Kwenye Mkunazi

Kwetu milimani, ndege mwenye madoa kifuani ni mtoto. Hatukufundishwa hilo darasani. Tulilijua kama tulivyojua kwamba ukungu ukishuka mpaka kwenye paa la kiwanda cha chai, siku hiyo nguo hazikauki. Mkesha, yule ndege wa kahawia anayepekua majani makavu akitafuta minyoo, hutoka kiotani akiwa na madoa kifua kizima, na kadiri anavyokua madoa hufifia mpaka tumbo hubaki na rangi ya chungwa. Ukimwona mwenye madoa, unamwacha. Hafiki mbali, na mama yake yuko karibu.

Kwa hiyo Jumatano ile, nikiwa nimevaa aproni nyuma ya kaunta ya mkahawa huko Jumeirah Lakes Towers, Dubai, niliposikiliza ujumbe wa sauti wa dada na kuitazama picha aliyoituma, nilimjibu kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa Usambara.

"Huyo kinda, dada. Ona madoa. Acha tundu wazi, weka chakula, njaa itamrudisha."

Dada hakuwa dada yangu wa tumbo moja. Tulitoka milima ileile, tukakutana Dubai kanisani, na kwa kuwa alinizidi umri nikamwita dada naye akaniita mdogo wangu. Alifanya kazi za ndani kwa mzee mmoja mjane, katika nyumba yenye ukuta mrefu na bustani, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kumtunza ndege wa mzee, aliyenunuliwa soko la ndege kule Warsan kwa muuzaji aliyesema ametoka milima ya Uajemi. Mwaka mzima dada aliloweka tende, akazitoa kokwa, akamlisha ndege huyo akidhani ni mtoto. Alishangaa tu kwa nini hakui. Alidhani tundu limemdumaza.

Asubuhi hiyo, akisafisha sahani ya chini ya tundu, alisahau kurudisha kijiti cha mlangoni. Ndege akatoka.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuomba radhi tu. Kwa dada, maisha yake yalikuwa yanasubiri mkono wa mzee huyo. Mkahawa wetu ulikuwa unafungua tawi jipya mwisho wa majira ya baridi, na meneja alikuwa amekubali kumchukua jikoni, upande wa mikate. Angekuwa na siku ya mapumziko na tiketi ya kwenda nyumbani kila mwaka. Lakini hakuna anayehama kazi bila kafeel wake, mwajiri anayemdhamini, kusaini ruhusa. Mzee alikuwa ameondoka kwenda India kutibiwa magoti, na mlangoni, mkoba ukiwa tayari ndani ya gari, alimwambia dada, "Nikirudi tutamaliza habari yako, inshallah. Mwangalie ndege."

Dada alikuwa na mtoto wa kiume Lushoto, aliyelelewa na mdogo wake wa kike. Mwezi uleule mtoto alikuwa ameanza kumwita yeye, mama yake, shangazi kwenye simu. Dada hakumsahihisha. Alinisimulia hilo mara moja tu, akikunja shuka, na hakulirudia.

Mzee alikuwa anarudi Ijumaa, baada ya swala.

*

Ijumaa asubuhi nilipanda basi kutoka International City, nikabadilisha metro, nikafika kwenye lango la nyuma. Dada alinifungulia akiwa bado amevaa nguo za jana. Tundu lilikuwa barazani, mlango wazi, tende zimekauka na kuvamiwa na sisimizi.

"Hakurudi," alisema.

"Umemwona?"

"Jana jioni, kwenye mkunazi. Leo alfajiri tena. Anakula, ananitazama, anaruka. Mdogo wangu, kinda gani hamtaki anayemlisha?"

Mkunazi ulikuwa katikati ya bustani, kunazi zimeiva mpaka nyingine zimedondoka kwenye nyasi. Chini yake alichuchumaa mtunza bustani, Mpemba. Ndivyo tulivyomwita wote, naye alituita Wasambaa hata pale alipokuwa anazungumza na mmoja wetu. Kabla ya kuja hapo alikuwa mpakizi wa mizigo bandari ya Hamriya, na alipenda kusema kuwa mimea humsikiliza zaidi kuliko nahodha yeyote.

Mkononi alikuwa na kopo la dagaa na kisu. Alikuwa amechanja mti wa fikasi ulio kando ya ukuta, na utomvu mweupe ulikuwa umejaa chini ya kopo.

"Unafanya nini, kaka?" nikamuuliza.

"Ulimbo. Hamkuwahi kutega kwa ulimbo nyie?"

"Sisi tunatega kwa tenga na kamba."

"Ndiyo maana mna njaa huko bara." Alikoroga utomvu kwa kijiti. "Utomvu wa mfenesi ndio hasa. Lakini huu nao mtoto wa mama mmoja. Ukiuchemsha na mafuta kidogo, hata jini akikaa hatoki."

"Utamharibu manyoya," dada alisema. "Sir ataona."

"Arbab ataona nini zaidi, ndege mwenye mafuta au tundu tupu?"

Mzee huyohuyo, dada alimwita sir, Mpemba akamwita arbab, yaani bwana mkubwa. Dada alichukua kopo, akaenda nalo jikoni.

Tulipomaliza, ulimbo ulikuwa mzito kama asali ya chini ya mtungi. Mpemba aliuzungusha kwenye vijiti vyembamba, akavifunga kwenye matawi ya chini ya mkunazi, karibu na kunazi zilizoiva vizuri. Kisha akanawa, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Mimi na dada tukabaki barazani, nyuma ya pazia la mianzi, tumekaa sakafuni kama watoto wanaomwogopa mtu.

Sauti ya hotuba ilifika kwa mbali kutoka msikitini. Shomoro walikuja, wakaondoka. Nilimwona dada akitazama simu kila mara, si kwa ujumbe, kwa saa tu. Kisha ndege mwenye madoa akatua kwenye nyasi.

Alikimbia hatua chache, akasimama wima, akainamisha kichwa upande mmoja kana kwamba anasikiliza ardhi. Mkesha kabisa. Ningemtambua popote kwa kusimama kule. Akaruka kwenye tawi, akameza kunazi moja haraka, akatazama juu. Akameza nyingine. Akatazama juu tena. Kisha akahamia kwenye kijiti chetu, na miguu ikanasa.

Dada alifika pale kabla sijasimama. Alimfunika kwa kanga, akamtoa kijitini taratibu, kidole baada ya kidole, huku akimnong'oneza kwa Kisambaa maneno ambayo mama humwambia mtoto anayetolewa mwiba. Nilimmwagia mafuta ya kupikia miguuni. Ulimbo ukalainika, ukatoka. Dada alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Kisha akaacha kucheka.

"Mwepesi," alisema.

"Hajala siku mbili."

"Amekula. Tumemwona akila." Alimpima tena kiganjani. "Mdogo wangu, huyu mwepesi mno. Leta simu yangu. Fungua ile picha."

Nikaifungua, nikaishika karibu na kifua cha ndege. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu nilichopaswa kukiona Jumatano. Madoa ya huyu wa mkononi yalichongoka upande wa juu, kama vichwa vya mishale, na yalijipanga katika mistari inayoshuka. Ya ndege wa mzee yalikuwa ya duara, mazito, yametupwa ovyo kama matone ya wino. Mgongo wa huyu ulikuwa wa kahawia ya joto, rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Wa kwenye picha ulielekea kijivu, rangi ya vumbi la barabarani.

"Labda ni mwanga," nikasema.

Dada alimfungua bawa kwa vidole viwili. Upande wa ndani ulikuwa wa manjano iliyofifia, kama ndani ya papai lisiloiva.

"Wa sir ni mweupe hapa," alisema. "Mweupe kama shati la shule. Akipiga mabawa tunduni naona weupe tu. Huyu si yeye."

"Basi huyu ndiye kinda, na yule ni mkubwa wake," nikasema, bado nimeng'ang'ania madoa ya nyumbani.

"Kinda anazaliwa wapi hapa, Desemba hii?"

Baadaye sana, nikiwa nimesimama katika duka la vitabu na kitabu kizito cha ndege ambacho nisingeweza kukinunua, nilisoma kwamba kuna mikesha ambao hubaki na madoa mpaka wanakufa, na kwamba mdogo yule huja Ghuba majira ya baridi kwa mabawa yake mwenyewe, ilhali mkubwa ni nadra kuonekana humo. Siku ile tulikuwa na kanga, kopo la ulimbo, na ndege asiye wetu.

Ndege alitoa sauti ndogo, kali, kama tone linalodondokea bati la moto. Na kutoka juu ya tangi la maji la jirani, kitu kikajibu. Ulikuwa mtatariko mkavu, kama mtu anayetikisa njugu ndani ya kopo kwa hasira.

Dada alisimama wima. "Yule," alisema. "Sauti yake ile."

*

Mpemba alirudi kutoka msikitini akatukuta tumekaa barazani, mkesha mdogo akiwa amefunikwa na kanga kwenye mapaja ya dada.

"Mmempata?"

"Tumempata mwingine," nikamwambia, nikamweleza.

Alifunua kanga, akamtazama ndege kwa muda. Kisha akatazama tundu.

"Mtieni," alisema.

"Si huyo, kaka."

"Nimesikia si huyo. Lakini ana madoa, ana mdomo, wa kahawia. Arbab ametoka safari, magoti yanamuuma. Ataliona tundu lina ndege, atafurahi, atasaini. Khalas, yamekwisha. Mwezi ujao ndege akifa, ndege hufa. Dada huyu wakati huo yuko kwenye mikate yake."

Nilimtazama dada. Nilitaka aseme hapana, na wakati huohuo nilitaka aseme ndiyo, na sijui hata leo nilikuwa nimeegemea upande upi. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya mgongo wa ndege. Simu yake ikalia. Alikuwa dereva wa mzee, kutoka uwanja wa ndege: mzee ameshatoka, mizigo ni michache, wako barabarani.

Dada aliinuka, akamtia mkesha mdogo tunduni, akafunga mlango, safari hii akarudisha kijiti.

Mpemba akaitikia kwa kichwa. "Umefanya la akili."

"Sijamaliza," dada alisema. "Nisaidieni kulibeba."

"Kulipeleka wapi?"

"Chini ya mkunazi." Alikuwa tayari ameshika upande mmoja. "Yule wangu hapendi kugawana chakula. Mwaka mzima shomoro wakikaribia tundu lake anatatarika hivyo hivyo mpaka wakimbie, na yeye mwenyewe kafungwa. Mti ule ameufanya wake. Huyu mdogo alikuwa anakula akitazama juu kila mara, hukuona, mdogo wangu? Alikuwa anaiba."

Tuliweka tundu kwenye nyasi, tukalijaza kunazi. Mpemba, bila kubishana tena, aling'oa vijiti vyenye ulimbo akavilaza juu ya tundu, kimoja mbele, kimoja nyuma. Tukarudi nyuma ya pazia.

Mkesha mdogo alipiga mabawa kwenye nyaya, kisha njaa ikamshinda, akaokota kunazi. Kule kwenye tangi mtatariko ukaanza. Ukanyamaza. Ukaanza tena, karibu zaidi, juu ya ukuta sasa, nami nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza: mkubwa, kifua mbele, amesimama kama askari anayekataa kuhongwa. Kando ya yule mdogo, hakuna ambaye angewachanganya. Mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, walikuwa wametudanganya siku nzima.

Kutoka barabarani tulisikia gari likipunguza mwendo.

"Mungu wangu," dada alisema polepole, kama anayesoma.

Lango la umeme likaanza kufunguka, na kelele zake zilitosha kumfukuza ndege yeyote. Huyu hakufukuzwa. Alikuwa na hasira kupita hofu. Alishuka kutoka ukutani, weupe wa chini ya mabawa ukimulika mara mbili, tatu, akatua juu ya tundu ili amshambulie mwizi kwa mdomo kupitia nyaya. Miguu ikakanyaga kijiti cha mbele. Mkia ukalala juu ya kile cha nyuma.

Dada alikimbia. Ndege alijirusha, mguu mmoja ukachomoka, na kama mkia usingenasa angekuwa amekwenda. Dada alimdaka kwa mikono yote miwili kifuani, akaanguka naye kwa magoti. Aliponyanyuka ndege alikuwa mikononi mwake, mzima, anatatarika. Mkia ulibaki kwenye kijiti.

"Mtoe mdogo," aliniambia.

Nilifungua tundu, nikaingiza mkono, nikamtoa. Miguu yake ilikuwa bado na mafuta. Nilifungua kiganja, akabaki pale sekunde moja kama ambaye hajaamini, kisha akaruka chini chini kuelekea ukutani, na manjano ya mabawa yake ndiyo niliyoyaona mwisho.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama barazani na mkongojo wake.

*

Alikuja polepole juu ya nyasi. Tulikuwa tumejiambia kwamba ni mzee, amechoka, haoni vizuri. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya Mpemba.

"Mkia uko wapi?" aliuliza, kwa kile Kiingereza chake cha maneno machache alichozungumza na dada.

"Huu hapa, sir." Dada alionyesha kijiti kwa kidevu. "Alitoka Jumatano. Mimi nilisahau mlango. Nimemkamata sasa hivi."

"Na yule mdogo aliyeruka?"

Mpemba aliangalia viatu vyake.

"Tulimkamata kwa makosa," dada alisema.

"Mlitaka kunipa yule."

"Kwa muda mfupi nilifikiri hivyo, sir. Kisha nikaacha."

Mzee alinyoosha mkono, akampapasa ndege kichwani kwa kidole kimoja. Ndege akamtatarikia. Mzee akatabasamu, na moyo wangu ukashuka mahali pake, mapema mno.

"Umemrudisha," alisema. "Watu wangapi wangeweza? Ukienda wewe, nani ataweza? Huyu?" Alimwonyesha Mpemba kwa mkongojo. "Huyu atamgeuza mchuzi. Hapana. Wewe baki. Nitakuongeza kitu kidogo. Mikate waache wengine wachome."

"Sir ulisema ukirudi tutamaliza."

"Nilisema inshallah."

"Inshallah ya Mungu, sir," dada aliuliza, "au ile ya kumwambia mtu aondoke mlangoni?"

Sikuwahi kumsikia akimjibu mtu hivyo, sembuse mzee mwenyewe. Hata sauti hakuipandisha. Mzee alimtazama. Mpemba alisogea nusu hatua mbele, kisha akarudi. Dereva alikuwa amesimama na mkoba, hajui aupeleke ndani au aurudishe garini. Nilimwaza meneja wetu na tawi lake jipya. Nilimwaza yule mtoto wa Lushoto, na jinsi neno moja linavyozoeleka mdomoni likirudiwa.

"Nimemharibu mikononi mwangu," dada akaendelea, "kwa hiyo nitakaa nimtengeneze. Nitamsafisha, nitamlisha mpaka mkia uote. Ukishaota, unanisainia. Hapo hatudaiani."

"Na usipoota?"

Mpemba ndiye aliyejibu, kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa ajili yetu akarudia kwa Kiswahili. "Utaota, arbab. Unyoya uliokatwa hungoja mwaka. Uliong'oka na mzizi huota mara moja. Hata kuku."

Mzee aliegemea mkongojo kwa mikono miwili. Kisha akainama kwa shida, akaokota kijiti, akachomoa kwenye ulimbo unyoya wa pembeni. Ncha yake ilikuwa nyeupe.

"Pembe zote mbili za mkia," alisema. "Nikiziona nyeupe, nitasaini. Mbele ya hawa." Akatuonyesha sisi, mimi na Mpemba, kama mashahidi wa ndoa.

*

Dada alimsafisha ndege kwa mafuta na unga wa ngano, kidogo kidogo, ili asife kwa hofu. Akamwongezea mayai ya kuchemsha na mabuu ambayo Mpemba alimchimbulia chini ya mbolea, akilalamika kuwa amegeuzwa mpishi wa ndege. Kila Ijumaa nilikwenda. Mwanzoni hapakuwa na kitu, kisiki tu, na ndege aliyumba kwenye kijiti chake kama mlevi. Kisha zikatokeza ala za manyoya, ngumu, za kijivu, kama njiti za kiberiti. Zikapasuka nchani. Pembe ya kushoto ilitoka nyeupe.

Ya kulia ilichelewa. Ijumaa moja ilikuwa bado ndani ya ala yake, iliyofuata ikatoka nusu, kahawia. Mkahawani walikuwa wameanza kupaka rangi tawi jipya. Meneja aliniuliza mara mbili kama rafiki yangu bado yuko, nami nikasema yuko, ni suala la siku. Sikumwambia siku hizo zinahesabiwa na nini.

"Wa kwetu hawana hata huo weupe," dada aliniambia tukiwa tumechuchumaa mbele ya tundu. "Ningekuwa nimeahidi mkia wa mkesha wa Usambara, ningekuwa nimeshaondoka."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mzee hakuuliza kitu wiki zote hizo. Alipita barazani, akamsikiliza ndege, akaingia ndani. Ndege alikuwa ameanza kuimba asubuhi, sauti kubwa ya mbali hata ukiwa karibu, na kila alipoimba nilimwona dada akikunja uso, kwa kuwa kadiri alivyopendeza ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa mzee kubadili neno.

Mwisho wa baridi, Ijumaa nyingine, nilimkuta mzee ameshakaa kitini mbele ya tundu, miwani puani. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameificha ndani ya kanga. Mpemba aliitwa kutoka bustanini, akaja na matope mikononi. Ndege aligeuka kwenye kijiti akatupa mgongo, akatandaza mkia kidogo kama ndege wanavyofanya wakitaka kuruka. Kushoto, nyeupe. Kulia, ncha ndogo, upana wa ukucha wa mtoto, nyeupe.

Mzee aliutazama mkia mpaka ukafungwa. Akangoja ndege autandaze tena. Akautazama tena.

"Lete kalamu," alimwambia dereva.

Alisaini karatasi ya ruhusa juu ya goti lake lililopasuliwa, bila kusema lolote la heri au la shari. Kisha akamwambia dada, "Kabla hujaenda, mwonyeshe huyu jinsi ndege anavyolowekewa tende."

Mpemba alikuwa akizijua tende hizo kama anavyoijua njia ya msikitini. Alikuwa ameziloweka mwenyewe kila dada alipougua. Lakini alinawa mikono, akaingia jikoni, akasimama kando ya bakuli, na dada akamwonyesha yote tangu mwanzo: maji ya vuguvugu, kwa muda gani, namna ya kutoa kokwa bila kuacha ganda jembamba linalokwama kooni. Mpemba aliitikia kila hatua.

"Hivi?" aliuliza, akibana tende.

"Taratibu zaidi," dada alisema.